Maji Yanapotelea Kati ya Mita na Tanki: Namna ya Kupata na Kuziba Bomba Lililofukiwa

Usianze na sururu. Maji yasipofika kwenye tanki, wengi Dar es Salaam huita vijana wawili wa kuchimba, na jioni ua una mtaro wa mita kumi na tano, sakafu ya kibaraza imevunjwa, na bomba lenyewe ni zima. Kumbe floti ya tanki, ile valvu yenye boya inayofunga maji tanki likijaa, ilikuwa imebanwa na punje ya mchanga. Kuchimba ni hatua ya mwisho. Yote ya kabla yake yanahitaji ndoo, saa ya simu, kipande cha nondo na subira ya usiku mmoja.

Nchi za baridi kali hufukia bomba mita moja na nusu na zaidi ili maji yasigande ndani yake. Hapa kwetu baridi ya kugandisha labda uikute Kitulo au Makete mwezi wa saba, si Tabata. Bomba la Dar linauawa na mambo mengine: maungio yaliyofungwa jua la saa nane, lori la mchanga lililopita juu ya mtaro wa kina cha kiganja, jiwe la matumbawe linalosaga plastiki taratibu, mizizi ya mwarobaini, na chuma kilicholala kwenye udongo wenye chumvi. Kila moja huacha dalili yake.

Ni mgao, ni presha, pameziba au panavuja?

Swali la mgao linamalizwa na jirani: muulize. Kama kwake yanatoka na kwako hayatoki, nenda kwenye koki iliyo karibu kabisa na mita. Hiyo ndiyo koki ya ushahidi. Ikitoa maji hafifu wakati jirani anajaza ndoo kwa kasi, tatizo liko kwenye mita au kabla yake. Mita nyingi zina chujio dogo upande wa kuingilia, nalo hujaa mchanga hasa baada ya bomba la mtaani kupasuka na kuungwa. Usilifungue mwenyewe, maana kulifikia ni kukata sili. Toa taarifa DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, kwa namba iliyo kwenye bili yako. Kuanzia mita kurudi barabarani ni kazi yao, kuanzia mita kuja ndani ni mfuko wako.

Koki ya karibu ikitoa vizuri na tanki la juu likabaki kavu, pima presha kabla ya kulilaumu bomba. Chukua ule mpira mweupe unaopitisha mwanga, ambao mafundi ujenzi hupimia levo. Ufunge kwenye koki kwa klipu, fungua maji, kisha upandishe ncha ya pili kwenye ngazi au ukuta mpaka maji yaache kupanda. Kila mita ya kimo ni kama bar 0.1 ya presha. Yakisimama mita 4 juu ya koki, na mdomo wa tanki uko mita 6 juu ya koki hiyohiyo, hakuna kilichoharibika ardhini. Maji hayana nguvu ya kupanda, basi. Dawa yake ni tanki la chini linalopokea maji ya mgao, na pampu ya kuyapandisha kutoka humo. Usifunge pampu moja kwa moja kwenye bomba linalotoka mtaani. Pampu ikinyonya, inanyonya pia kupitia kila tundu la mtaa mzima, pamoja na yale yaliyolala ndani ya maji ya chemba.

Presha ikiwa inatosha, tafuta palipoziba. Fungua floti kwenye tanki. Hapa ndipo asilimia kubwa ya kesi huishia, maana tundu la floti ni dogo na kila uchafu wa njiani hukwama hapo. Lisafishe kwa waya mwembamba, kisha acha bomba limwage wazi kwenye ndoo. Ndoo ya lita 20 ikijaa kwa dakika moja kwenye koki ya karibu na mita, na kwa dakika moja na robo mwisho wa bomba, hiyo ni kawaida. Ikichukua dakika nne, kuna kitu katikati: bomba limebanwa, valvu imekatika ulimi ndani, au hewa imenaswa.

Hewa ni tatizo la nyumba za vilimani kama Kimara na Goba, ambako bomba hupanda, hushuka, kisha hupanda tena. Mgao ukikatika mstari hujaa hewa, na maji yakirudi hewa hukaa kwenye nundu kama kizibo. Dalili yake ni maji yanayotoka kwa kukohoa, halafu yanakuwa uzi mwembamba, halafu yanakata kabisa ingawa mita ya jirani inazunguka. Fungua sehemu ya juu kabisa ya mstari mpaka kukohoa kuishe. Ikijirudia kila mgao, weka valvu ya kutolea hewa kwenye nundu hiyo. Ni kifaa kidogo, na kinakuondolea adha ya kupanda ngazi kila wiki.

Mita ndiyo shahidi wa kuvuja

Subiri wakati maji yana nguvu, mara nyingi usiku wa manane, na uache nusu saa ipite tangu yarudi, kwa sababu hewa inayosukumwa mbele ya maji nayo huzungusha mita. Funga koki zote. Inua floti na uifunge kwa kamba isifunguke, au funga valvu iliyo kabla ya tanki. Kisha tazama uso wa mita. Namba nyeusi ni uniti, yaani lita 1,000 kila moja. Zile nyekundu ni sehemu za uniti, mpaka lita. Pembeni kuna kipembetatu au kigurudumu kidogo chenye meno. Kikizunguka huku kila kitu kimefungwa, maji yanakwenda mahali.

Piga picha ya mita kwa simu, subiri dakika 30, piga nyingine. Lita 6 ndani ya nusu saa zinaonekana si kitu, lakini ni lita 288 kwa siku, karibu uniti 9 kwa mwezi. Lita moja kwa dakika ni uniti 43 kwa mwezi. Familia ya watu watano, kila mmoja akitumia lita 100 kwa siku, hutumia uniti 15. Zidisha mwenyewe kwa bei iliyo kwenye bili yako. Mgao unapunguza hasara hiyo, kwa kuwa bomba huvuja tu likiwa na maji, na ndiyo maana bili ya nyumba inayovuja hupanda ghafla mwezi ambao maji yamekatika mara chache. Watu huilaumu mita.

Sasa tenganisha. Funga valvu ya kuingilia nyumbani ukiwa umeiacha ile ya mita wazi. Kipembetatu kikisimama, kuvuja kuko ndani, pengine tanki la choo linapitisha kimyakimya. Kikiendelea, ni bomba la ardhini. Halafu funga na ile valvu iliyo mara tu baada ya mita. Kama bado kinazunguka, valvu hiyo haikazi, au maji yanatoka kwenye ungio lake lenyewe. Fukua hapo kwanza, maana ni sentimita chache tu.

Bomba linaloshuka kutoka tanki la juu kwenda nyumbani halipiti kwenye mita, kwa hiyo lipime kwa tanki. Zima pampu, funga floti na koki zote usiku, pima kwa fimbo kina cha maji, pima tena alfajiri. Tanki la lita 1,000 lenye upana wa kama mita 1.1 hupoteza lita 9 hadi 10 kwa kila sentimita inayoshuka.

Kukisia mahali bila kubomoa ua

Chora njia ya bomba. Kama hujui, anza kwenye mita na mahali linapoibukia, kisha kumbuka kwamba fundi huchimba njia fupi isipokuwa amekwepa mti, chemba au msingi. Kinachovuja mara nyingi ni ungio, si bomba katikati, kwa hiyo aina ya bomba inakuambia wapi pa kuangalia. Bomba la chuma huuzwa kwa vipande vya mita 6, la PPR, plastiki ya kijani inayoungwa kwa joto, kwa kawaida mita 4. Pima kwa futi kamba kutoka ungio la kwanza unaloliona, mita 4, 8, 12, na ukague alama hizo kabla ya kwingine. Bomba jeusi la plastiki la HDPE lenye mistari ya bluu huja kwa roli ya makumi ya mita, hivyo kwenye ua wa kawaida lisingepaswa kuwa na ungio ila kwenye ncha. Lakini fundi aliyebakiwa na vipande vya kazi ya jana huviunga na kuvifukia, nawe hutajua mpaka ufukue.

Udongo nao una tabia zake. Kwenye mchanga wa Mbezi Beach au Kigamboni maji huzama moja kwa moja chini, na juu hakuonekani kitu mpaka mchanga uoshwe na shimo litokee ghafla chini ya mguu. Kwenye mfinyanzi maji hupanda juu, lakini huweza kusafiri ndani ya mtaro wa zamani mita kadhaa kabla ya kutokea. Ukiona tope, chimba upande wa juu wa mteremko, si pale penye tope. Majani yaliyonawiri peke yake wakati wa kiangazi, siafu waliohamia mahali pamoja, tofali la sakafu lililotitia kidogo, vyote ni dalili nzuri. Msimu wa masika dalili hizo hazina maana, kila mahali pamelowa.

Ukiwa na nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita moja na nusu, sikiliza. Saa nane usiku, bodaboda zikiwa zimepungua, simamisha nondo ardhini juu ya njia ya bomba bila kuipigilia, weka kidole gumba kwenye ncha ya juu na sikio juu ya kidole. Tundu lenye presha hutoa mlio wa kuvuma kama kitu kinakaangwa kwa mbali. Bomba la chuma husafirisha mlio huo mbali sana. La plastiki huumeza, kwa hiyo songa kila nusu mita na usiwe na haraka. Kumbuka kuzima friji na pampu ya jirani kama mnaelewana, maana mitetemo yao huingia ardhini.

Nyumba nyingi zina waya wa taa za geti au wa pampu uliofukiwa juujuu, pengine ndani ya mtaro huohuo wa maji. Kabla ya nondo au sururu kugusa ardhi, zima swichi kuu ya waya huo.

Yote yakishindikana, gawa nusu kwa nusu. Chimba katikati ya mstari, kata bomba, funga kizibo cha HDPE upande wa mita, fungua maji, tazama mita. Ikitulia, kuvuja kuko nusu ya pili. Mstari wa mita 40 ukigawanywa mara tatu unabaki na mita 5 tu za kufukua. Lakini kila unapokata unaongeza ungio, basi usifanye hivi kwa pupa. Mkato wa kwanza uwekee valvu ya kudumu na kisanduku chake, itakusaidia miaka ijayo.

Kuna mtu atasema avumilie, kwani tundu ni dogo. Tundu dogo hilo hufanya kazi pande zote mbili. Mgao ukikatika, maji yaliyomo bombani hushuka kwenda kwenye koki na mabomba ya bondeni, bomba linabaki na mnyonyo, na maji yaliyolizunguka tundu huingia ndani. Kama mita chache kutoka hapo kuna shimo la choo, umeshajua kinachoingia. Maji yakirudi hukisukuma kwenye tanki unalochotea maji ya kupikia. Kwa mji wenye historia ya kipindupindu, hiyo ndiyo hasara kubwa kuliko bili.

Kuziba HDPE

Hii ndiyo kazi utakayoifanya mara nyingi, kwa hiyo ifanye vizuri. Kwa bomba la milimita 25, ambalo mafundi huliita robo tatu, nunua mita moja ya bomba na koplingi mbili za 25, yaani viungio vya kukaza kwa nati. Soma maandishi kwenye bomba: kipenyo, PE100 (daraja la plastiki), SDR (kipenyo kikigawanywa kwa unene wa ukuta) na PN (presha linayohimili, kwa bar). SDR 11 ni PN16, na kwa 25 unene wa ukuta wake ni milimita 2.3. Bomba lisilo na maandishi, au linalobonyea ukilifinya kwa vidole, liache dukani hata kama muuzaji wa Kariakoo anaapa. Koplingi fungua hapohapo dukani uone ndani: kuna nati, pete ya meno, na mpira wa duara. Mpira uwe mlaini bila mkato, pete iwe na meno makali. Zile nyepesi mno ambazo nati yake hulegea kwenye nyuzi zitakurudisha shimoni.

Funga valvu ya mita na ufungue koki ya chini ili mstari umwage maji. Chimba shimo la mita moja kwa nusu mita, lishuke sentimita 20 chini ya bomba. Kina hicho cha ziada ndicho watu husahau. Bila hicho, tope hujaa usawa wa bomba na kuingia ndani mara tu unapokata. Chota maji kwa kopo mpaka bomba lining'inie wazi, ulifute kwa tambara.

Usizibe tundu, kata kipande chote. Ondoa angalau sentimita 30, zaidi kama kuna mikwaruzo ya mawe. Kata kwa mkasi wa bomba au msumeno wa chuma, mkato uwe mraba, kwa sababu mkato wa mshazari huegemea upande mmoja wa mpira. Kwaruza ukingo wa nje kwa kisu uwe na mteremko mdogo. Ukingo mkali hukata mpira wakati wa kuingiza, na hilo hutalijua mpaka maji yafunguliwe. Kagua pia ncha zilizobaki ardhini: kama zina mfereji wa mkwaruzo kwa urefu, maji yatapita chini ya mpira hata ukikaza mpaka nati ipasuke. Kata nyuma zaidi.

Sasa pima kina cha koplingi kwa kijiti, weka alama kwenye bomba kwa kalamu. Kwa 25 mara nyingi ni kama sentimita 5 hadi 6. Legeza nati bila kuitoa kabisa, paka ncha ya bomba maji ya sabuni, sukuma huku ukizungusha. Kuna kusita mara mbili: mara ya kwanza ni pete, ya pili ni mpira. Wengi huishia kwenye kusita kwa kwanza, wanakaza nati, inaonekana imeshika, halafu usiku presha ikipanda bomba linachomoka. Alama ya kalamu ikifika kwenye nati, umeingia. Kaza kwa mkono mpaka mwisho, kisha kwa spana ya bomba nusu mzunguko hadi mzunguko mmoja, huku spana ya pili imeshika mwili wa koplingi. Usipake grisi wala oili, huharibu mpira. Usizungushie tepu nyeupe kwenye nyuzi za nati hizi. Kinachozuia maji ni mpira, nyuzi kazi yake ni kukaza tu.

Kipande kipya kiwe kirefu kidogo kuliko pengo, na sababu yake ni joto. HDPE hurefuka na kufupika kwa karibu milimita 0.18 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya joto. Bomba la mita 20 lililolala juani likafika nyuzi 50, likafungwa ncha zote likiwa limenyooka, kisha likafukiwa na kupoa mpaka 28, linataka kufupika kama sentimita 8. Linazivuta ncha zake kutoka kwenye ungio. Ndiyo maana bomba "jipya kabisa" huanza kuvuja wiki ya pili. Lilaze mtaroni kwa mawimbi kama nyoka, lifunike kidogo kwa mchanga, lipoe, kisha funga maungio jioni au asubuhi na mapema.

Kuna njia mbili za mkato zinazopendwa, zote za kukataa. Ya kwanza ni kuzungushia mpira wa tyubu ya baiskeli. Kwa usiku mmoja ukisubiri duka lifunguliwe, sawa, ila kuifukia ni kujidanganya. Ya pili ni kupasha ncha moja ya bomba kwa moto wa karatasi, kuitanua, na kuchomeka ncha nyingine humo. Ukuta uliotanuliwa umekonda, na hakuna mpira unaozuia chochote.

Chuma na PPR, kwa kifupi

Bomba la chuma lililotoboka kwa kutu kwenye udongo wa pwani halina tundu moja, lina foleni ya matundu. Klempu yenye mpira itakuvusha mwezi au miwili. Panga kulibadilisha lote kwa HDPE, na usiunge plastiki yenye nyuzi za ndani juu ya chuma kwa nguvu zote, hupasuka kwa urefu. Upande wa plastiki uwe wa nyuzi za nje. Hapo ndipo tepu nyeupe ina kazi: mizunguko 12 hadi 15, ukifuata upande wa kukazia.

PPR huungwa kwa mashine ya joto, nyuzi 260. Kwa bomba la 20 pasha sekunde 5, la 25 sekunde 7, la 32 sekunde 8, unga ndani ya sekunde nne hadi sita bila kuzungusha, kisha liache bila kuguswa dakika mbili hadi nne. Ukizidisha joto, plastiki inajikunja ndani na kubana njia. Ukipunguza, ungio linashika juujuu. Adui mkubwa shimoni ni tone la maji: linageuka mvuke na kuacha kitundu ndani ya ungio. Valvu isiyokaza vizuri ikidondosha, sokomeza tonge la mkate mweupe, bila ganda, ndani ya bomba upande wa maji, unga haraka, kisha toa mkate kwa kumwaga kupitia ncha iliyo wazi. Ukiupitisha kwenye floti utakuwa umeanzisha kazi nyingine.

Kusafisha kabla ya kunywa

Hata ukiwa mwangalifu, tope kidogo limeingia. Chomoa bomba kwenye floti, fungua valvu ya mita robo tu, acha maji yamwagike nje ya tanki mpaka yawe meupe, ndoo mbili tatu zaidi baada ya hapo. Kufungua ghafla hupiga maungio mapya kwa nguvu ya hewa, kwa hiyo polepole.

Kisha ua vijidudu. Mita 20 za HDPE ya 25 hubeba lita 6.5 tu, hivyo ndoo ya lita 10 inatosha. Weka kijiko kikubwa kimoja, mililita 15, cha dawa ya klorini ya kufulia isiyo na harufu ya maua, yenye nguvu ya asilimia 3.5. Hiyo inatoa kama miligramu 50 kwa lita. Valvu ya mita iwe imefungwa kabisa. Mimina kwa faneli kwenye ncha ya juu huku koki ya chini ikiwa wazi mpaka inukie klorini, funga koki, acha ilale usiku kucha. Asubuhi sukuma yote nje kwa maji safi mpaka harufu iishe. Kama tope lilifika kwenye tanki, liondoe, lisugue, lijaze, na kwa kila lita 1,000 weka lita moja na nusu ya dawa hiyohiyo. Liache usiku mmoja kisha mwaga yote. Usiyanywe hayo.

Ukifukia, fukia mara moja

Shimo libaki wazi usiku mzima, mgao ukiwa umerudi na presha iko juu. Zungushia gazeti kavu kwenye kila koplingi. Alfajiri gazeti likiwa kavu na kipembetatu cha mita kimesimama, unaweza kufukia. Bomba likalie mchanga laini sentimita 10, lifunikwe mchanga sentimita 15, ushindiliwe kwa mguu pembeni na si juu yake. Ndipo udongo wa kawaida, bila mawe ya matumbawe wala vipande vya tofali. Shimo la mita moja kwa nusu mita hutaka ndoo saba au nane za lita 20 za mchanga.

Kina cha sentimita 60 kinafaa ua wa kawaida. Panapopita gari, shuka mpaka 75 au zaidi na upitishe bomba ndani ya bomba jingine la PVC la inchi 2, ili siku likiharibika ulivute bila kuvunja zege. Liwe mita 3 kutoka shimo la majitaka, na likilazimika kukatiza bomba la maji machafu, lipite juu yake kwa angalau sentimita 30. Baada ya mita weka valvu inayoruhusu maji kwenda upande mmoja tu. Juu ya mchanga, sentimita 30 kutoka usawa wa ardhi, laza utepe wa rangi kali au hata mifuko ya saruji iliyokatwa vipande virefu, mchimbaji ajaye aione kabla ya kufika kwenye bomba.

Kabla udongo haujarudi wote, pima kila ungio kutoka pembe mbili za nyumba, si kutoka kwenye mti wala ukuta wa jirani, maana hivyo huhama. Andika "koplingi, m 4.20 kutoka pembe ya jiko, m 6.75 kutoka pembe ya sebule, kina sm 60" na ubandike karatasi hiyo ndani ya mlango wa kisanduku cha umeme.